Kelele ya Hedifoni Baada ya Kusasisha Windows: Namna ya Kuitafuta Hadi Kuipata

Kazi yangu ya kila siku ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, kwa hiyo hedifoni hukaa masikioni mwangu kwa muda wa saa sita au saba, na kelele ndogo ambayo mtu anayesikiliza muziki angeivumilia mimi hunifichia neno zima la msemaji. Windows 10 ilipofikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, nilihamia Windows 11 kama walivyofanya wengi, na jioni ileile hedifoni zikaanza kuvuma. Nilitumia siku mbili nikifuta viendeshi vya sauti, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuitumia chipu ya sauti, na kuvisakinisha upya kabla sijagundua kwamba mvumo ule haukuhusiana na mfumo endeshi hata kidogo. Kwa kuwa usasishaji ulihitaji kompyuta ikae kwenye umeme muda wote, nilikuwa nimeihamishia kwenye meza nyingine yenye ekstensheni kuukuu, ambayo tundu lake la ethi, yaani la waya wa ardhini, lilikuwa limekufa. Nilipochomeka chaja kwenye soketi ya ukutani, mvumo ulikatika papo hapo.

Tangu siku hiyo sigusi mpangilio wowote kabla ya kuisikiliza kelele yenyewe: ina sauti ya namna gani, inaanza lini, na ni kitu gani kikiondolewa inakoma. Mvumo, kelele ya "shhh", mkwaruzo, mlio mwembamba kama wa mbu na ule mshindo mfupi wa "tap" ni magonjwa matano tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine. Anayezichanganya huishia kubadilisha mambo kumi kwa wakati mmoja, na hata kelele ikitoweka hajui kilichoiondoa, wala hajui ni lipi kati ya yale tisa mengine ameliharibu.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba kulishuku sasisho ni kukosa uelewa. Desemba 2024 Microsoft ililazimika kulizuia kwa muda toleo la 24H2 la Windows 11 lisifike kwenye baadhi ya kompyuta zenye programu ya Dirac Audio, kwa sababu zilizolipokea zilikuwa zikipoteza sauti kabisa. Mwezi uliofuata, masasisho ya usalama ya Januari 2025 yalivifanya baadhi ya vifaa vya sauti vya USB, vile vinavyotegemea kiendeshi cha USB 1.0, vigome kufanya kazi. Sasisho linaweza kuwa na hatia. Ninachosisitiza ni kwamba hatia hiyo ithibitishwe kabla ya hukumu.

Vipimo vya kuanzia

Chukua hedifoni hizohizo uzichomeke kwenye simu au redio, kisha chukua hedifoni nyingine uzichomeke kwenye kompyuta. Ikiwa kelele inazifuata hedifoni popote ziendapo, waya umekatika ndani au pini imechakaa, na hakuna mpangilio wa Windows utakaozitibu. Tazama pia pini yenyewe. Hedifoni zenye maikrofoni huwa na pini ya milimita 3.5 iliyogawanywa na pete tatu nyeusi katika sehemu nne: ncha ni ya sikio la kushoto, inayofuata ni ya sikio la kulia, ya tatu ni ya ardhi, yaani njia ya pamoja ambayo umeme wa masikio yote mawili hurudia, na ya mwisho, karibu na mpini, ni ya maikrofoni. Pini isipoingia hadi mwisho, mguso wa ardhi hupotea, na hapo hutokea jambo ambalo huwashangaza wengi: ala za muziki zinasikika, lakini sauti ya mwimbaji inafifia au inasikika kana kwamba iko shimoni, kwa sababu masikio mawili yanapokea tofauti tu kati ya kushoto na kulia, huku kilichorekodiwa katikati kikijifuta chenyewe. Vumbi la mfukoni likijaa ndani ya tundu la kompyuta, matokeo ni hayohayo. Zima kompyuta, ulitoe vumbi taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, uchomeke tena hadi usikie pini ikikaa.

Kipimo cha pili ni kuchomoa chaja na kusikiliza kompyuta ikitumia betri peke yake. Umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na mvumo unaoingia kutoka kwenye umeme huo huwa mzito na usiobadilika, mithili ya jokofu linalounguruma chumba cha pili. Kelele ikikoma mara tu chaja inapochomolewa, au ikipungua unapogusa kwa kidole sehemu ya chuma ya kompyuta, tatizo liko kwenye chaja, ekstensheni au soketi isiyo na ethi. Adapta ndogo zinazogeuza pini tatu kuwa mbili ndizo wakosaji wakubwa, kwa sababu huikata ethi kimyakimya huku taa ya chaja ikiendelea kuwaka kama kawaida. Ukihisi mwasho au mtekenyo mdogo unapopapasa mgongo wa kompyuta iliyo kwenye chaja, usilipuuze jambo hilo hata kama kelele haikusumbui. Mwite fundi wa umeme aikague soketi.

Kipimo cha tatu hakihitaji hata kusimama. Shusha sauti ya Windows hadi sifuri, usicheze chochote, kisha usikilize. Kelele ikibaki vilevile ilivyokuwa, inaingia baada ya kidhibiti sauti, yaani kwenye sakiti ya kukuza sauti au kwenye umeme unaoizunguka. Ikipanda na kushuka pamoja na sauti, inaletwa na kitu kilicho kabla ya hapo: maikrofoni iliyoachwa wazi, programu ya kurembesha sauti, au rekodi yenyewe. Jaribio hili la sekunde kumi limeniokolea saa nyingi kuliko programu yoyote ya uchunguzi ninayoijua, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kuuliza swali popote.

Kelele ya redio isiyoshika stesheni

Hii ndiyo malalamiko ya kawaida zaidi baada ya kusasisha: sauti ya "shhh" isiyokatika, ambayo haikuwapo jana. Kompyuta mpakato nyingi zina chipu ya sauti ya Realtek, na mtengenezaji wa kompyuta huwa ameiandalia kiendeshi kinachojua jinsi tundu, maikrofoni na kikuza sauti vilivyounganishwa katika modeli ile hasa. Wakati wa kusasisha, Windows inaweza kukiondoa kiendeshi hicho na kuweka chake cha jumla, ambacho hucheza sauti katika karibu kila kompyuta lakini hakijui undani wa yoyote. Mojawapo ya mambo ambayo huenda kikayakosea ni kuacha njia ya maikrofoni ya tundu la hedifoni ikiwa wazi na imekuzwa, hata kama hedifoni ulizochomeka hazina maikrofoni.

Kulijua hilo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, uchague "Device Manager", kisha ufungue kundi la "Sound, video and game controllers". Ukikuta jina "High Definition Audio Device" mahali ambapo zamani paliandikwa "Realtek Audio", umeipata alama ya kiendeshi cha jumla. Bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties", kisha kichupo cha "Driver". Kitufe cha "Roll Back Driver" kikiwa hai, kibonyeze. Kitarejesha kiendeshi cha awali. Kikiwa kimefifia, hakuna kilichohifadhiwa cha kurejea, na hapo nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, utafute kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta, upakue kiendeshi cha sauti kilichoandikwa kwa ajili ya toleo lako la Windows, ukisakinishe, uzime na kuwasha upya. Nakusihi usipakue kiendeshi kutoka kwenye tovuti zinazojitangaza kuwa zina viendeshi vya kompyuta zote, wala usiweke programu zinazodai kuvisasisha zenyewe. Huleta matoleo yasiyo ya modeli yako, na mara nyingine huja na vitu ambavyo hukuviomba.

Yapo makosa ya kinyume pia, ambapo kiendeshi kipya cha mtengenezaji ndicho kinacholeta kelele na kile cha jumla ndicho tulivu. Kwa hiyo ukishaweka cha mtengenezaji na kelele ikaendelea, rudi palepale, chagua "Update driver", halafu "Browse my computer for drivers", halafu "Let me pick from a list of available drivers on my computer", uchague "High Definition Audio Device" kwa makusudi. Kubadilisha huku na huko hakudhuru kompyuta, na kunachukua dakika tano tu.

Viendeshi vikiwa sawa, iangalie maikrofoni. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, na dirisha la zamani la sauti litafunguka. Mimi hulipendelea kuliko lile jipya kwa sababu linaonyesha kila kitu mahali pamoja. Katika kichupo cha "Recording", fungua maikrofoni unayoitumia, uende "Listen", na uhakikishe kisanduku cha "Listen to this device" hakina alama ya vema. Kikiwa nayo, kila sauti ya chumbani, pamoja na feni ya kompyuta, inarudishwa masikioni mwako. Kisha nenda "Levels" utazame ukuzaji wa maikrofoni. Ukiukuta kwenye desibeli 20 au 30, ushushe hadi 0 au 10 na usikilize tofauti. Halafu rudi kichupo cha "Playback", fungua hedifoni, na kama nako "Levels" ina mstari wa maikrofoni, uzime kwa kubofya alama ya spika iliyo pembeni yake.

Baada ya hapo zima urembeshaji. Fungua "Settings", "System", "Sound", bofya jina la hedifoni zako, na penye "Audio enhancements" uchague "Off". Urembeshaji unaosawazisha ukubwa wa sauti hufanya kazi kwa kuinua yaliyo madogo, na kelele ya chinichini ni miongoni mwa hayo madogo, kwa hiyo mahojiano yaliyorekodiwa vizuri huanza kusikika kana kwamba yalifanyika kando ya maporomoko ya maji.

Mikwaruzo na sauti inayokwamakwama

Mkwaruzo ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida Windows huikabidhi kadi ya sauti vipande vifupi vya milisekunde 10; sauti ikiwa ya hezi 48,000, kila kipande kina sampuli 480, yaani vipimo 480 vya sauti, na kipande kinachofuata lazima kiwe tayari kabla hicho hakijaisha. Prosesa ikizuiliwa na kazi nyingine hata kwa muda mfupi sana, kadi hukosa cha kucheza, na pengo hilo ndilo sikio hulisikia kama mkwaruzo. Mara nyingi anayeizuia si kiendeshi cha sauti, ni kiendeshi cha jirani yake: cha Wi-Fi, cha kadi ya picha au cha usimamizi wa umeme, kilichobadilishwa na sasisho lilelile.

Cheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta, usiwe wa mtandaoni, kisha uwashe hali ya ndege. Mikwaruzo ikikoma, kiendeshi cha Wi-Fi ndicho cha kushughulikiwa, na dawa yake ni ileile ya kurejesha cha awali au kuchukua cha mtengenezaji. Isipokoma, programu ya bure iitwayo LatencyMon itakuonyesha jina la faili la kiendeshi kinachochelewesha wengine. Iache ifanye kazi kwa dakika kumi huku ukicheza sauti, kisha usome kichupo cha "Drivers". Ukiona ndis.sys, fikiria mtandao, ukiona nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya NVIDIA, ukiona ACPI.sys, sasisha BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kompyuta ikiwa kwenye chaja na betri ikiwa imejaa, na kama eneo lenu hukatika umeme mara kwa mara, ngoja siku iliyo tulivu.

Tazama pia kiwango cha sauti. Katika sifa za hedifoni, penye "Format", kompyuta iliyosasishwa inaweza kuwa imejiwekea hezi 192,000, ambazo kwa mahojiano na muziki wa kawaida hazina faida unayoweza kuisikia, na huiongezea prosesa dhaifu mzigo wa bure. Weka biti 24 na hezi 48,000, au biti 16 kama ndiyo iliyopo.

Wanaotumia hedifoni za Bluetooth hukutana na kisa chao wenyewe: sauti ni safi hadi mkutano wa mtandaoni unapoanza, kisha ghafla inakuwa nyembamba kama ya simu ya mezani. Hedifoni zimebadili njia, zimetoka kwenye ile ya muziki na kuingia kwenye ile ya mazungumzo, ambayo kwa hedifoni nyingi hubeba sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Ndani ya programu ya mkutano, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe badala ya ile ya hedifoni, na sauti safi itarudi. Na ikiwa ruta yako ina masafa ya gigahezi 5, hamishia kompyuta huko, kwa kuwa Bluetooth na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hugombania anga moja.

Mshindo wa "tap"

Mdogo wangu aliniletea kompyuta yake akilalamika kwamba kila ujumbe unapoingia, hedifoni hupiga "tap" kabla ya mlio, na tena sekunde chache baadaye. Nilicheza wimbo mrefu, sauti ikiwa chini kabisa, nikamwomba aendelee na kazi zake. Kwa muda wote ule mshindo haukusikika hata mara moja. Jibu lilikuwa limepatikana: chipu ya sauti ilikuwa ikilazwa ili kuokoa betri, na kila ilipolala au kuamka ilitoa mshindo. Kiendeshi cha mtengenezaji kwa kawaida hulitatua jambo hili, na kwake kililitatua. Kisipotosha, muda wa kulala umeandikwa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya ndani, inayofunguliwa kwa programu ya "Registry Editor"), katika ufunguo wa "PowerSettings" ulio chini ya kundi la vifaa vya sauti, kwa majina "ConservationIdleTime" na "PerformanceIdleTime". Ukiviweka vyote kuwa sifuri, chipu haitalala. Hifadhi nakala ya ufunguo huo kabla ya kuugusa, na kama hujawahi kufungua rejista, mtafute anayeifahamu akae nawe.

Kwa wenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, ugonjwa huu ni mwepesi kutibu. Andika kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri, "Terminal") cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save, na jibu likiwa namba yoyote isiyo 0, hizo ni sekunde ambazo chipu husubiri kabla ya kulala. Andika echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save usikilize, na ukiridhika, weka mstari options snd_hda_intel power_save=0 ndani ya faili mpya katika /etc/modprobe.d/ ili mabadiliko yadumu.

Ukibaki na shaka

Chukua flashi ya GB 16, iandalie Ubuntu kwa programu kama Rufus, uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uchague kujaribu bila kusakinisha. Hakuna kitakachobadilika kwenye diski yako. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoyafunga mafaili kwa ufunguo wa siri, hakikisha kwanza unao ufunguo wa kurejesha, kwa sababu baadhi ya kompyuta huuomba mpangilio wa kuwasha unapoguswa. Kelele ikiwapo hata ndani ya Ubuntu, mfumo endeshi uliouchukia wiki nzima hauna kosa, na kompyuta inahitaji fundi wa vifaa. Isipokuwapo, endelea kutafuta ndani ya Windows ukiwa na uhakika.

Ule mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika unaposogeza kipanya au kuvuta ukurasa, karibu kila mara ni umeme wa prosesa unaovuja hadi kwenye tundu la hedifoni, na ni bora kununua adapta ndogo ya sauti ya USB kuliko kuendelea kupambana nao. Adapta hiyo huigeuza sauti nje ya kompyuta, mbali na kelele hizo. Mimi ninayo moja kwenye begi, na ndiyo ninayoitumia kwa rekodi ambazo msemaji ananong'ona.

Aliyepandisha toleo zima la Windows ana siku 10 za kurudi nyuma kupitia "Settings", "System", "Recovery" na kitufe cha "Go back", kwa hiyo anza vipimo hivi mapema badala ya kusubiri mwisho wa mwezi, na unakili faili zako kwenye diski ya nje kabla ya kukibonyeza. Kwa sasisho dogo la kila mwezi, nenda "Windows Update", "Update history", kisha "Uninstall updates". Na siku sauti itakapokuwa safi, fungua tena kile kichupo cha "Driver", uandike kwenye daftari namba ya toleo na tarehe ya kiendeshi, kwa sababu sasisho lijalo linaweza kukibadilisha tena, na utahitaji kujua ni kipi unachokirudia.